Mabwawa ya Kisumu: Njia ya Maji kutoka Kajulu hadi Ghuba ya Winam

Kisumu haijulikani kwa bwawa la starehe lenye viti na taa za mapambo. Mabwawa yake ni ya kazi: yale ya kusafishia majitaka huko Nyalenda, mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali yakabaki kukusanya mvua, vidimbwi vya kufugia samaki, na kinamasi cha mafunjo cha Dunga ambacho hakikuchimbwa na mtu. Mtu akilitazama kila moja peke yake ataona shimo lenye maji na vyura. Akiyafuata maji yenyewe, kutoka vilima vya Kajulu hadi Ghuba ya Winam, ataona mfumo mmoja wenye kazi moja kubwa, nayo ni kuyachelewesha maji kabla hayajafika ziwani. Viumbe wa mfumo huu wamejipanga kwa kufuata ucheleweshaji huo. Mahali maji yanapokimbia pana wakazi wake, yanapotuama pana wengine, na yanapokosa hewa kabisa bado kuna samaki anayeishi.

Ardhi na mvua

Mji umekaa ukingoni mwa ziwa, kwenye kimo cha mita 1,130 na kitu juu ya usawa wa bahari. Kaskazini ardhi inapanda ghafla kuelekea Riat na Kajulu, na nyuma yake safu ya Nandi. Mashariki na kusini-mashariki kumelala uwanda wa Kano, tambarare yenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Udongo huu wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mguu. Ukinyeshewa huvimba, nyufa zikafunga, na kuanzia hapo maji hayazami tena bali hutambaa juu.

Mvua kubwa hunyesha Machi hadi Mei, na ndogo Oktoba hadi Desemba. Ziwa nalo huleta mvua zake za ngurumo alasiri hata nje ya misimu hiyo. Maji yanayotoka vilimani yanashuka mteremko mkali kwa kasi kisha yanafika tambarare na kusimama pale pale. Hapo ndipo mitaa ya Manyatta na Nyalenda ilipojengwa. Mafuriko yanayoikumba mitaa hiyo chanzo chake ni hiki, kabla ya kumlaumu mtu yeyote.

Mito inayopita mjini ni midogo. Kisat hupita Obunga na eneo la viwanda kisha kuingia ziwani karibu na bandari. Auji hupita Manyatta na Nyalenda na kuishia kwenye kinamasi. Upande wa mashariki kuna Nyamasaria na Kibos, na huu Kibos ndio unaotoa maji ya bomba kwa mtambo wa Kajulu, yanayoteremka mjini kwa nguvu ya mteremko bila kusukumwa na pampu. Mtambo wa pili wa maji ya kunywa, ule wa Dunga, huchota ziwani. Jambo hilo tulishike, kwa sababu litaturudia.

Mito na mashimo

Kiangazi, Auji ni kijito ambacho mtu anaweza kukiruka. Ikinyesha saa moja kwa nguvu hugeuka mto wa rangi ya chai ya maziwa, umebeba chupa za plastiki, magunia, na kila kilichotupwa kwenye mitaro. Maji yanayopanda na kushuka namna hiyo hayafugi viumbe wengi. Wanaoweza ni mumi, yaani kambare, anayevumilia tope na hupanda mito kutaga mvua zinapoanza. Konokono walioshika mawe na takataka. Na mabuu ya wadudu. Fundichuma, ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, husimama kwenye kina kifupi akitikisa mguu majini kuwafurusha vyura. Sehemu za mto zilizonyooshwa na kupangwa mawe humkosa, kwani hazina kina kifupi cha kusimama.

Mashimo ya udongo yana historia nyingine. Hayaingizi mto wala hayatoi. Ni mvua na jua tu. Wenyeji wengi huyaogopa kwa sababu ya mbu, na wana haki, ila mbu si mmoja. Anofelesi, anayeeneza malaria, hupenda maji safi kidogo yanayopigwa na jua: kidimbwi kipya cha mvua, shimo la matofali, hata alama ya kwato za ng'ombe. Kuleksi, anayetuimbia masikioni usiku kucha, hupendelea maji machafu: mitaro iliyoziba, vyoo vya shimo, majitaka yaliyosimama. Kwa hiyo mtaro unaonuka humpa mtu usingizi mbaya, lakini malaria ya Kisumu mara nyingi huanzia kwenye maji ambayo mtoto angeona ni safi vya kutosha kuchezea. Shimo lililokaa muda mrefu likaota magugu na kuingiwa na samaki na kereng'ende huwa na mabuu machache ya mbu kuliko shimo la wiki iliyopita. Wanaofukia madimbwi ya zamani na kuacha mapya kila mahali ujenzi unapoendelea wameshika shoka kwa upande wa makali.

Kichocho nacho kina mahali pake. Konokono wanaobeba vimelea vyake hukaa kwenye maji tulivu yenye mimea, si kwenye mkondo wa kasi. Kingo za ziwa zenye magugumaji, ambako watu huteka maji, hufua na kuosha magari, ndizo hatari zaidi.

Mabwawa ya Nyalenda

Mabomba ya majitaka ya Kisumu yalijengwa kwa pande mbili. Upande mmoja huteremka kwenye mtambo wa Kisat, ambao husafisha kwa mashine. Upande wa mashariki huteremka Nyalenda, kwenye mabwawa yanayosafisha kwa jua, upepo, mwani na muda. Sehemu kubwa ya wakazi hawajaunganishwa na mabomba hayo. Wana vyoo vya shimo na mashimo ya kuhifadhi majitaka, na malori ya kunyonya hubeba kinachojaa.

Bwawa la kusafishia majitaka ni kitu cha akili sana kwa nchi ya joto, ingawa kwa macho ni dimbwi la kijani. Kanuni yake ni kupanga mabwawa kwa mfuatano. La kwanza huwa na kina kirefu, mita mbili hadi tano, na halina oksijeni. Humo uchafu mzito hukaa chini na bakteria wasiohitaji hewa huula, wakitoa gesi; ndiko harufu inakotoka. La pili lina kina cha mita moja hadi mbili. Chini yake bado hakuna hewa, lakini juu kuna mwani, na mwani ukipata jua hutoa oksijeni ambayo bakteria wengine huitumia kula uchafu uliobaki. Mabwawa ya mwisho ni ya kina kifupi, jua likipenya hadi karibu na sakafu. Hapo kazi ni kuua vimelea. Mchana mwani hunyonya kaboni dayoksaidi mpaka maji yanakuwa na ukali wa magadi, na ukali huo pamoja na mwanga wa jua huwaua bakteria wa kinyesi. Mayai ya minyoo yameshazama siku nyingi nyuma.

Usiku mambo hugeuka. Mwani hauna jua, unapumua kama viumbe wengine, na oksijeni iliyojaa saa tisa alasiri inaweza kukaribia kwisha alfajiri. Kiumbe anayetaka kuishi bwawani ni lazima avumilie hali zote mbili katika saa ishirini na nne. Wanaoweza ni wengi kuliko mtu anavyodhani: viroboto maji wanaochuja mwani, mabuu mekundu ya visubi yenye damu inayoshika hewa kidogo iliyopo, mende wa majini wanaobeba kipovu cha hewa. Hawa wote ni chakula. Ndiyo maana mabwawa ya majitaka Afrika Mashariki nzima, kuanzia yale ya Nakuru hadi yale makubwa ya Dandora pembezoni mwa Nairobi, yamekuwa vituo wanavyovipenda watazamaji wa ndege, watu wanaokubali harufu kwa ajili ya darubini zao. Kuanzia Septemba huingia chamchanga waliotoka kuzaliana Ulaya ya kaskazini na Urusi, wakitembea kando ya maji wakidonoa visubi, mpaka Aprili wanapoondoka. Wenyeji wa mwaka mzima ni yangeyange, kwarara, bata wa aina kadhaa, na sile-maua mwenye vidole virefu anayetembea juu ya majani yanayoelea. Korongo wa marabuu, aliyezoea jaa la zamani la Kachok, huja pia, ila yeye hafuati maji. Anafuata mji.

Kinachoamua kama bwawa linafanya kazi ni siku ambazo maji yanakaa ndani. Bwawa lililokusudiwa kuyashika maji kwa siku nyingi litayashika hivyo kama ujazo wake haujaliwa na tope. Na tope huongezeka kila siku, kwa sababu ndilo lililoachwa na kila lita iliyopita. Likifika nusu ya kina, maji hukaa nusu ya muda. Mbaya zaidi, tope halijipangi sawasawa: huacha mkondo katikati, maji yakaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili bila kuchanganyika na mengine. Kwa nje hakuna kinachobadilika. Rangi ni ile ile, ndege ni wale wale, na mwandishi wa habari anayepiga picha hataona tofauti. Kuondoa tope ni kazi ya gharama, isiyo na utepe wa kukata, na katika miji yetu mingi huahirishwa kwa sababu hiyo hiyo. Mimi naihesabu kuwa kipimo cha kweli cha mji unaojali ziwa lake.

Pembeni mwa mabwawa na kwenye mitaro inayotoka kuna mashamba ya nduma, sukuma wiki na nyasi za ng'ombe. Maji yenye nitrojeni na fosforasi ni mbolea ya bure, na mkulima wa Nyalenda analijua hilo bila kufundishwa. Nduma hupikwa, kwa hiyo hatari yake ni ndogo kwa mlaji kuliko kwa mkulima anayesimama matopeni bila viatu. Mboga za kuliwa mbichi ni habari nyingine.

Kinamasi cha Dunga

Maji yaliyotoka mabwawani, pamoja na ya Auji na vijito vingine, huingia katika ukanda wa mafunjo unaofuata ufuo kusini mwa mji. Wajaluo huyaita mafunjo togo, na wanayajua kwa mikeka, vikapu na kamba. Mmea huu hufikia mita nne au tano, hukua haraka kuliko mimea mingi, na mizizi yake hufumana ikawa zulia linaloweza kuelea. Maji ya mto yakiingia humo hutawanyika. Kasi inakufa, tope linazama, fosforasi inazama pamoja nalo, na nitrojeni hunyonywa na mimea au kugeuzwa na bakteria wa chini kuwa gesi inayorudi hewani. Kinamasi kinafanya, bila umeme na bila bajeti, hatua ya mwisho ambayo mhandisi angeijenga kwa saruji.

Lakini kuna sharti: maji yatawanyike. Mtu akichimba mfereji mmoja ulionyooka katikati ya mafunjo ili shamba likauke au mtumbwi upite, maji ya mto hupita humo moja kwa moja na kufika ziwani na tope lake lote. Mafunjo yatabaki kijani pande zote mbili za mfereji, yakipendeza machoni na yasifanye kazi.

Chini ya zulia la mizizi karibu hakuna oksijeni. Ungedhani basi hakuna samaki, kumbe ndiyo hifadhi yao. Mbuta, yaani sangara, aliletwa ziwani kutoka maji mengine katika miaka ya 1950 na kuwala fulu, wale samaki wadogo wa aina mamia, mpaka aina nyingi zikatoweka. Mbuta anahitaji hewa nyingi, hawezi kuingia mafunjoni. Fulu wanaovumilia uhaba wa hewa, na vifaranga vya samaki wengine, hujificha humo. Kamongo, kambare mamba, hana shida hata kidogo: ana mapafu, hupanda juu na kuvuta pumzi, na maji yakikauka hujichimbia matopeni akisubiri mvua. Ngege wa asili, yule aliyekuwa fahari ya meza za Nyanza kabla ya sato wa Naili kuletwa, alipungua mno katika ziwa kuu. Alibaki katika maziwa madogo yaliyotengwa na vinamasi, kama Kanyaboli katika kinamasi cha Yala, Siaya. Kwa hiyo upungufu wa hewa, ambao bwawani ni kasoro, kinamasini umewalinda samaki ambao sheria za uvuvi hazikuwaokoa.

Juu ya maji, mafunjo yana ndege wake ambao hawaishi penginepo. Anayejulikana zaidi ni yule ambaye wataalamu humwita Laniarius mufumbiri: tumbo jekundu, mgongo mweusi, utosi wa manjano. Husikika kabla ya kuonekana, dume na jike wakijibizana ndani ya mabua. Kwa ajili yake na wenzake, Dunga imeorodheshwa kimataifa miongoni mwa maeneo muhimu kwa ndege, na vijana wa ufuoni huongoza wageni kwa mitumbwi kuwatafuta alfajiri. Ndege hawa wanahitaji mafunjo marefu yaliyokomaa. Mabua yakikatwa kwa zamu, sehemu hii mwaka huu na ile mwaka ujao, msusi wa mikeka na ndege hukaa pamoja bila ugomvi, na kila mzigo unaobebwa huondoa virutubisho majini. Yakichomwa yote kwa mara moja ili kupata shamba, ndege huondoka na majivu hurudisha majini kile mmea ulichokuwa umenyonya.

Nzohe, swala wa vinamasi mwenye kwato ndefu zilizopanuka, amekuwa adimu sana. Kenge, fisi maji na chatu bado wapo. Viboko hutoka usiku kula nyasi na kurudi kabla ya jua, wakipita kwenye mashamba na wakati mwingine katika Hifadhi ya Impala ya Kisumu, iliyotengwa mwaka 1992 ikiwa na hekta 34 tu. Kiboko hula nchi kavu na kunya majini. Katika mto mkubwa hiyo ni neema; katika ghuba iliyokwisha shiba mbolea, ni nyongeza ndogo ambayo hakuna mwenye haki ya kumlaumu, tukilinganisha na mchango wetu.

Ghuba isiyopumua vizuri

Kenya ina asilimia sita tu ya ziwa, na sehemu kubwa ya ufuo wake wenye watu iko katika Ghuba ya Winam. Ghuba hii ina kina kifupi, hasa upande wa Kisumu, na hubadilishana maji na ziwa kuu kupitia mlango mwembamba wa Rusinga. Katika miaka ya 1980 mlango wa pili, ule wa Mbita, ulizibwa kwa tuta la barabara. Baadaye lilijengwa daraja ili maji yapite tena. Kisumu ipo mwisho kabisa wa ghuba, mbali na mlango. Kinachoingia hapa hukaa.

Magugumaji yalifika upande wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 1998 yalifunika hekta zipatazo 17,000. Feri zilikwama na vijiji vya wavuvi vilifungiwa nje ya ziwa. Fukusi wa aina mbili wa asili ya Amerika Kusini waliokuwa wameachiwa majini, pamoja na mawimbi na mvua za El Niño, waliyapunguza sana magugu hayo, lakini hawakuyamaliza. Yanarudi kila yanapopata chakula, na chakula chake ni nitrojeni na fosforasi ile ile ambayo Nyalenda na Dunga hazikuishika. Upepo wa ziwani wa alasiri huyasukuma kuelekea gatini, ule wa nchi kavu wa usiku huyarudisha nyuma, na mvuvi aliyelala akiwa na njia anaweza kuamka hana.

Na hapa tunarudi kwenye bomba la Dunga. Mji huchota sehemu ya maji yake ya kunywa katika ghuba ile ile, ufuo ule ule unaopokea majitaka yake. Maji hayo husafishwa mtamboni, lakini kila gramu ya tope na mwani iliyozidi ziwani hulipiwa huko kwa dawa na vichujio, na bili hugawiwa wateja.

Ziwa linapopanda

Mfumo huu wote umejengwa kwa kudhani kwamba ziwa liko chini na mji uko juu. Ziwa halikubali dhana hiyo daima. Maji mengi ya Ziwa Viktoria huja kwa mvua inayonyesha juu yake lenyewe na mengi huondoka kwa mvuke, mlango wake pekee ukiwa Jinja. Miaka michache ya mvua nyingi hutosha kulipandisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilipanda zaidi ya mita mbili. Baada ya mvua za 2019, mnamo Mei 2020 lilipita hata kilele cha 1964.

Ziwa likipanda, mteremko wa mito hupotea. Auji haimwagiki tena bali hurudi nyuma. Mifereji ya kutolea maji mabwawani huzama. Vyoo vya shimo vya mitaa ya chini hujaa kutokea chini. Mafunjo yaliyofumana huinuka na maji, lakini vipande hung'oka na kuelea kama visiwa, vingine vikiziba magati. Viboko, wakikosa ukingo wao wa kawaida, hujikuta katika viwanja vya watu, na watu huita hilo uvamizi. Ukingo wa kweli wa ziwa ni pale maji yalipofika 1964 na 2020, na nyumba nyingi zimejengwa ndani yake.

Jibu linalopendwa kila baada ya mafuriko ni kuchimba: kupanua Auji, kunyoosha mtaro, kuondoa maji haraka. Kwa mtu ambaye godoro lake limelowa, ni jibu la haki, na mitaro ya Manyatta kweli inahitaji kuzibuliwa. Lakini mtaro mpana unaoishia kwenye bwawa lililojaa tope, na kutoka hapo kwenye mafunjo yaliyokatwa mfereji, hauondoi uchafu. Unaupeleka Dunga mapema zaidi. Kazi inayotangulia ni kuondoa tope Nyalenda, kuweka mipaka ya kinamasi kwa kipimo cha maji ya 2020, na kuziba mifereji iliyochimbwa ndani ya mafunjo. Bajeti ya kaunti ikisomwa mbele ya wananchi, vifungu hivyo vitatu ndivyo vya kuulizia kwanza.